Punguzo la Kweli Halidai Malipo Kwanza: Jinsi ya Kuzitambua Tovuti Bandia za Ofa

Mkazi wa Mbagala, Tandika au Chamazi halazimiki tena kupanda daladala kwenda Kariakoo ili ajue bei ya jokofu, simu au vitenge. Bei huonekana kwenye simu, oda huwekwa kwa ujumbe wa WhatsApp, malipo hufanyika kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, na mzigo huletwa na bodaboda hadi mlangoni. Urahisi huo umewasaidia wanunuzi na wafanyabiashara wadogo wa Manispaa ya Temeke. Matapeli nao wameutumia. Miongoni mwa mitego yao ni tovuti zinazodai kutoa misimbo ya punguzo, kuponi na zawadi kwa jina la maduka na kampuni zinazojulikana.

Somo hili linaeleza namna tovuti hizo zinavyofanya kazi, alama za kuzitambua, mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa, na hatua za kuchukua endapo fedha au taarifa zimekwisha kutoka. Jambo la msingi la kushika ni moja: punguzo la kweli hupunguza kile anacholipa mnunuzi dukani, wala halimdai kitu kabla ya kulipata.

Msimbo wa punguzo ni nini

Msimbo wa punguzo ni mkusanyiko wa herufi na tarakimu chache ambazo muuzaji huzitoa kwa wateja wake ili wapunguziwe bei. Mteja huchagua bidhaa katika tovuti au programu ya muuzaji, hufika sehemu ya malipo, huandika msimbo katika nafasi iliyowekwa, na papo hapo huona bei mpya. Kama msimbo umekwisha muda wake, huambiwa hivyo kabla hajatoa hata shilingi moja. Katika hatua zote hizo hakuna mahali anapoulizwa namba yake ya siri ili apewe msimbo.

Punguzo la namna hiyo lina asili inayojulikana. Hutangazwa na muuzaji mwenyewe katika duka lake, katika ukurasa wake rasmi au kwa ujumbe anaowatumia wateja wake. Wakazi wa Temeke wanalifahamu jambo hili kwa karibu, kwa kuwa Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, hufanyika kila mwaka katika Viwanja vya Mwalimu J. K. Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai kampuni nyingi hutangaza ofa za msimu. Mteja anayetilia shaka ofa ya Sabasaba anaweza kwenda kwenye banda la kampuni husika na kuuliza. Ofa isiyo na banda, duka wala mtu wa kuulizwa inastahili kutazamwa kwa jicho la pili.

Ni kweli pia kwamba duniani zipo tovuti halali zinazokusanya misimbo ya maduka mbalimbali na kuiweka mahali pamoja. Wamiliki wake hulipwa kamisheni na maduka pale mteja anaponunua kupitia kwao. Kwa hiyo si kila tovuti ya kuponi ni ya kitapeli. Ugumu ni kwamba tovuti bandia huvaa sura ileile: rangi za kuvutia, nembo za kampuni kubwa, na saa inayohesabu dakika zilizobaki kabla ofa haijafungwa.

Aina nne za mitego

Aina ya kwanza ni ukurasa wa kubonyezesha. Ukurasa huu hujaa misimbo isiyofanya kazi. Kila mteja anapobonyeza ili kuuona msimbo, hufunguliwa tangazo jingine, na mwenye ukurasa hulipwa kwa mibonyezo hiyo. Misimbo mingine huwa ni ya maduka yasiyohudumia Tanzania kabisa. Mfano mzuri ni Jumia, ambayo ilifunga biashara yake ya duka la mtandaoni hapa nchini Novemba 2019, ingawa imeendelea katika nchi jirani za Kenya na Uganda. Msimbo uliotolewa kwa wateja wa Nairobi haumsaidii mkazi wa Yombo Vituka, na tovuti inayomwahidi kuletewa mzigo wa Jumia nyumbani kwake inamdanganya. Hasara katika aina hii huwa ni muda na bando, lakini baadhi ya kurasa humwambia mteja abonyeze neno “Nakubali”, naye asijue kuwa amejiunga na huduma ya ujumbe inayomkata salio kila siku.

Aina ya pili ni ukurasa wa kusambaza. Huu hudai kwamba duka au kampuni ya simu inaadhimisha miaka kadhaa tangu ianzishwe na inagawa zawadi. Mteja hujibu maswali mepesi, hufungua maboksi ya picha, “hushinda”, kisha huagizwa atume linki kwa watu ishirini au makundi matano ya WhatsApp kabla ya kupewa zawadi. Zawadi haiji. Kilichopatikana ni matangazo ya bure kwa tapeli, yanayopelekwa na mtu anayeaminiwa na ndugu na majirani zake.

Aina ya tatu ni duka bandia. Hapa bidhaa huonyeshwa kwa bei ya chini kupita kiasi, na mteja huelezwa kuwa ofa itakuwa yake akitanguliza kiasi kidogo cha “usafirishaji”, “usajili” au “uthibitisho”. Fedha hutakiwa zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mbinu hii ni ndugu wa ule ujumbe uliozoeleka wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Safari hii umepambwa kwa picha na nembo.

Aina ya nne, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, ni ukurasa wa kuvua taarifa. Huu haujali shilingi elfu tano za usafirishaji. Unataka funguo: namba ya siri ya akaunti ya fedha, namba ya Kitambulisho cha Taifa, au tarakimu za uthibitisho zinazofika kwa ujumbe mfupi. Wakati mwingine humtaka mteja apakue programu kutoka nje ya duka rasmi la programu za simu, na programu hiyo ikiruhusiwa huweza kusoma ujumbe mfupi wote unaoingia.

Msimbo wa zawadi na msimbo wa ufunguo

Wengi hunaswa katika aina ya nne kwa sababu neno “msimbo” hutumika kwa vitu viwili tofauti. Msimbo wa punguzo ni kama tangazo: hata ukijulikana na watu wote, hakuna anayeibiwa. Msimbo wa uthibitisho ni ufunguo wa nyumba. Mfano wake ni tarakimu sita ambazo WhatsApp humtumia mwenye namba pale akaunti yake inapofunguliwa kwenye simu nyingine.

Tapeli huchanganya viwili hivyo kwa makusudi. Humwambia mteja, “Tumekutumia msimbo wa punguzo, tusomee ili tuuhakiki.” Kumbe wakati uleule tapeli amejaribu kufungua akaunti ya WhatsApp ya mteja huyo, na tarakimu zilizofika ni za akaunti hiyo. Mteja akizisoma, akaunti yake huhama mikononi mwake. Muda si mrefu wanakikundi wenzake wa VICOBA huanza kupokea ujumbe wenye jina lake na picha yake ukiomba mkopo wa dharura.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa nayo si ya kuandikwa kila mahali. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Mtu aliyechagua mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea fedha amemrahisishia kazi yeyote atakayeipata namba hiyo. Inashauriwa namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, tarakimu zinazofuatana wala tarakimu moja iliyorudiwa.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa mama lishe wa Tandika anayetafuta jokofu la kuhifadhia vinywaji. Madukani ameuziwa bei ya shilingi 650,000. Katika kundi la WhatsApp anakuta linki ya “punguzo la asilimia 80”, ambapo jokofu hilohilo linauzwa shilingi 130,000, kwa sharti la kutuma shilingi 35,000 za usafirishaji ndani ya dakika kumi.

Swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni la kibiashara. Muuzaji aliyelinunua jokofu kwa bei ya jumla, akalipa kodi, ghala na usafiri, ataishije kwa kuliuza kwa moja ya tano ya bei ya soko? Mama lishe huyo anajua kuwa sahani ya wali haiwezi kuuzwa kwa bei iliyo chini ya mchele uliopikwa. Hesabu ya mtandaoni haina tofauti na hesabu ya jikoni. Swali la pili ni la utaratibu: kama muuzaji anatoa punguzo la shilingi 520,000, kwa nini ashindwe kuikata ile 35,000 mzigo utakapofika? Anayeidai kwanza hana mzigo.

Shilingi 35,000 huweza kuonekana ndogo kwa mtu mwingine. Kwa mfanyabiashara wa kipato cha kila siku, huo ni mtaji wa mchele, mkaa na mafuta ya siku inayofuata. Matapeli hupanga kiasi kidogo kwa makusudi, wakijua kwamba wengi watanyamaza kwa kuona haya kwenda kituo cha polisi kwa ajili ya fedha hiyo. Kidogo hicho kikikusanywa kwa watu mia moja, kinakuwa shilingi 3,500,000.

Kusoma anwani ya tovuti

Nembo inaweza kunakiliwa na picha zinaweza kuibwa, lakini anwani ya tovuti haiwezi kuwa ileile ya mwenyewe halisi. Kwa hiyo anwani ndiyo ya kusomwa kwanza. Sehemu yenye uzito ni ile iliyo karibu kabisa na mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Mfano, anwani ya Halmashauri ya Manispaa ya Temeke ni temekemc.go.tz. Mwisho wake wa “go.tz” ni wa taasisi za Serikali ya Tanzania. Tapeli anaweza kuandika “temekemc.go.tz.ofa-leo.xyz”. Macho huona jina la Manispaa mwanzoni, lakini anwani hiyo inaishia kwa “ofa-leo.xyz”, na huyo ndiye mwenye nyumba.

Alama nyingine za tahadhari ni jina la kampuni lililoongezwa herufi au kistari, linki iliyofupishwa isiyoonyesha inakokwenda, na Kiswahili kinachosomeka kama kimetafsiriwa na mashine. Picha ya kufuli kando ya anwani haitoshi kuwa ushahidi wa uaminifu. Kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa yasisomwe na wengine njiani. Halimtaji mwenye tovuti wala tabia yake, na matapeli nao hulipata bila gharama.

Huduma za umma hazina kuponi

Wananchi wanakumbushwa kuwa tozo na kodi za umma huwekwa na sheria na kanuni, na hakuna tovuti ya kuponi yenye mamlaka ya kuzipunguza. Bei ya umeme hudhibitiwa na EWURA, hivyo tangazo la “tuma 5,000 upate umeme wa 20,000” ni la uongo. Kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU tangu mwaka 2021. Leseni za biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Fedha inayolipwa kwa namba hiyo huingia katika akaunti ya Serikali. Yeyote anayetaka malipo ya huduma ya Halmashauri yatumwe kwenye namba yake ya simu, hata akiahidi punguzo la nusu, hakutumwa na Halmashauri.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

1. Itafute ofa kwa mwenyewe. Badala ya kubonyeza linki iliyotumwa, mteja aandike mwenyewe anwani ya kampuni au afungue programu yake rasmi. Ofa ya kweli itaonekana huko.

2. Piga simu kwa namba inayojulikana. Kwa ofa za kampuni za simu, namba 100 ya huduma kwa wateja ndiyo ya kuulizia, wala si namba iliyoandikwa ndani ya tangazo lenyewe.

3. Mjue muuzaji. Jina la kampuni au la biashara linaweza kutafutwa katika mfumo wa usajili wa BRELA ulioko mtandaoni. Duka linalodai kuwa Kariakoo liwe na mtaa, jengo na mtu anayeweza kutembelewa.

4. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Huduma za fedha kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika. Duka lenye jina la kampuni lakini malipo yanakwenda kwa jina la mtu asiyefahamika ni sababu tosha ya kusitisha.

5. Lipa mzigo ukifika, inapowezekana, na uukague kabla ya kulipa. Waswahili hawakukosea waliposema mtu asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dai risiti.

6. Usiharakishwe. Ofa inayokufa baada ya dakika kumi imetengenezwa ili mteja asipate nafasi ya kuuliza. Ofa halali huvumilia swali.

Ikiwa fedha au taarifa zimekwisha kutoka

Hapa kila dakika ina thamani. Mwathirika apige namba 100 ya mtandao wake mara moja, aeleze muamala na aombe fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Kama namba ya siri imefichuliwa, ibadilishwe papo hapo. Kama ni akaunti ya benki, benki iarifiwe bila kusubiri kesho. Kama ni WhatsApp iliyotekwa, mwenye namba ajaribu kuisajili upya kwenye simu yake, na awatangazie ndugu na wanakikundi kwa kupiga simu ili wasitume fedha. Programu iliyopakuliwa kupitia linki hiyo ifutwe.

Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma utolewe taarifa kwa namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mwathirika ahifadhi picha za ukurasa, anwani ya tovuti, ujumbe wa muamala na muda wake, kisha aende navyo kituo cha polisi kilicho karibu na apewe RB. Bila ushahidi huo upelelezi huwa mgumu. Aidha, kila mwananchi anaweza kupiga *106# ili kuhakiki namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kubaini kama ipo asiyoitambua.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, inatambua udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta, kughushi kwa njia hiyo na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na bei, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo halali na lililoelezwa. Kwa mujibu wa sheria hizo, aliyetapeliwa ni mwathirika. Hana sababu ya kujificha, na hapaswi kuchekwa kwa kutoa taarifa.

Wajibu wa kila mtaa

Linki ya kitapeli haisafiri peke yake. Hupelekwa na mtu anayefahamika. Viongozi wa makundi ya WhatsApp ya mitaa, VICOBA, misikiti, makanisa na wazazi wa shule wanaombwa kuweka utaratibu wa kutoruhusu linki ya ofa ambayo aliyeileta hajaihakiki. Vijana wenye ujuzi wa simu wanaombwa kuwaonyesha wazee nyumbani namna ya kusoma anwani ya tovuti na jina la mpokeaji wa fedha. Aliyekwisha kusambaza linki na baadaye akagundua ni ya uongo airudie katika kundi lilelile, aifute na aseme wazi kwamba si ya kweli. Tangazo hilo fupi linaweza kuokoa mtaji wa jirani.

Linki ya punguzo inapofika, iulizwe maswali matatu: ofa hii ipo kwa muuzaji mwenyewe? Inadai fedha au namba ya siri kabla ya kunipa kitu? Inanilazimisha niitume kwa wengine? Likikosekana jibu la kuridhisha hata kwa swali moja, ifutwe.